Njia Isiyoguswa na Jembe

"Weye, kama ungekuwa miye, ungerudia mu ile barabara?"

Béa aliniuliza swali hilo akiwa ameketi kitandani mwake, mtaa wa Hewa Bora, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, na kinga yake imeegemea ukuta karibu na mto kama mtu wa tatu chumbani. Sisi wa Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza masomo ya jiografia chuo kikuu, nina jibu la kila kitu na kazi hata moja sina. Lakini swali lile lilinishinda. Ningesema ndiyo, ningekuwa mwongo, maana mimi mwenyewe sikuwahi kupanda baiskeli kwenye barabara kuu. Ningesema hapana, ningekuwa nimemwambia aache kula.

Juma lililopita, miaka baada ya hapo, Béa alipita kwangu, mtaa wa Kampemba. Alikaa jikoni, akala bukari, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaisifu sombe na kuitukana bukari, akacheka kile kicheko chake kinachowafanya majirani wachungulie. Akaniambia kwamba siku za Jumapili vijana wa mjini wenye kofia ngumu na nguo za kubana wanapita sasa katika njia yetu ya msituni, wanasimama kupiga picha kila penye jiwe, na kwamba mmoja wao alimwuliza kama anajua njia inaishia wapi. "Nilimwambia: fwata tu, papa, itakuchoka mbele ya kuisha." Tangu aondoke mwaka ule umenirudia wote, na ninaona niuandike sasa, kabla sijaanza kuupamba.

Béa alifanya biashara ya maharage. Aliyanunua vijijini upande wa Lukafu, akayapakia kwenye kinga, akayaleta soko la Kampemba, akilala njiani kwa watu aliowafahamu. Hakufundishwa na mtu. Wanaume wa makala, yaani mkaa, ambao kinga zao hubeba magunia hata mwendeshaji haonekani, walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuomba asukumwe mlimani. Shida ilikuwa barabara. Malori ya migodini, camion kama tunavyoyaita, yalifuatana kama siafu, na vumbi la lori la kwanza lilikuwa bado hewani la pili likifika, hata ukalisikia kabla ya kuliona. Siku hiyo camion moja ilitaka kuipita nyingine. Haikumgusa Béa, upepo wake tu ndio uliomtupa mtaroni. Alipoinua kichwa, gunia lilikuwa limepasuka katikati ya barabara, na malori yalikuwa yakipita juu ya maharage, moja baada ya jingine, bila hata moja kupunguza mwendo. "Maharage ilikuwa inalia," aliniambia. "Tatata, tatata. Sawa mvua ku mabati." Nilimwuliza kama aliogopa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtihani wa mtoto. "Sikuogopa. Nilikasirika. Woga ulikuya nyuma, wakati nilitaka kupanda tena, miguu ikakatala."

Nyumba ilikuwa ya mjomba wake, Papa Léon, seremala mwenye sauti ya kuongoza sala. Chumba cha kulia na chumba cha Béa vilitenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo kila lililosemwa mezani liliingia kitandani. Jioni ile tulikuwa tumeletewa bukari yetu kwenye sahani moja, na samaki wadogo waliokaangwa na nyanya, tukamsikia akimwambia mke wake: "Ile kinga itauzwa. Mutoto mwanamuke juu ya kinga, camion inaona ni chakula." Sikuweza kujizuia. Nikasema kupitia juu ya ukuta, kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya na mdomo umejaa: "Papa, samahani, na mutoto mwanaume? Camion inamupisha?" Kisha kiti kikalia. "Nani alimuleta Mama Juu-ya-nini mu nyumba yangu?" Ndilo jina nililopewa tangu siku hiyo; kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini". Lakini Papa Léon hakuwa mtu mbaya, na alisimama mlangoni mwetu kusema uamuzi wake uso kwa uso. "Béa, sikia. Nitangojea mpaka moto wa pori. Kama unanionyesha njia ingine ya kufika kule bila camion, sawa. Kama hakuna, kinga inaenda. Miye siendi kuokota mutoto wa dada yangu mu barabara na kitambaa."

Moto wa pori kwetu huwashwa katikati ya kiangazi, majani yakishakauka. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Tulikuwa na muda, lakini si mwingi, na Béa alijua vizuri nini kilikuwa upande wa pili: kukaa mlangoni kwa mjomba akichambua sombe za watu wengine, mpaka atokee mwanaume wa kuja kuulizia. Aliniambia hivyo bila machozi, akiipangusa mnyororo kinga yake ambayo hakuweza kuipanda.

Mimi nilikuwa na simu iliyokuwa na picha za nchi kutoka angani, na majivuno ya mtu aliyesomea kuzisoma. Niliketi siku nyingi kwenye ngazi za nyumba nikiikuza picha hadi ikawa ukungu. Nikaiona: mstari mwembamba mwekundu ulioanzia kwenye mashamba ya mwisho nyuma ya mji, ukaingia chini ya nguzo kubwa za umeme, mahali ambapo miti hukatwa ili isiguse nyaya, ukafuata nyaya mbali sana, kisha ukakata kulia na kupita msituni kuelekea tunakotaka. Nilimwonyesha Béa. Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Picha ya mbinguni. Mungu njo ataendesha kinga?" Njo ni ndiye yetu sisi wa Lubumbashi. Nikamwambia Mungu hana haja ya maharage. Nikaazima kinga kwa jirani, nikaanguka uani mbele ya watoto wote wa mtaa mpaka nikajua kuipanda, na asubuhi moja tukaondoka, mimi nikiyumba juu ya yangu, yeye akiisukuma yake kwa miguu.

Hata sasa, nikifumba macho, ninaisikia njia ile kabla ya kuiona. Ilikuwa changarawe nyekundu, ngumu, iliyooshwa na mvua hadi vumbi lote limeondoka na kokoto zimebaki, na gurudumu juu yake linatoa sauti ya mtu anayetafuna karanga taratibu. Chini ya nguzo za umeme kulikuwa na mlio mdogo wa nyaya, halafu tulipoingia msituni mlio ule nao ukaachwa nyuma. Hakuna honi. Hakuna dizeli. Vijito vilikuwa na magogo mawili ya kupitia, ambapo kinga inapita na lori haliwezi hata kuota kupita. Mwanzoni Béa alikuwa anageuka nyuma kila mara, shingo yake imezoea. Baadaye nikagundua kwamba muda mrefu umepita bila kugeuka, na kwamba alikuwa ananieleza habari ndefu ya harusi ya binamu yake, kwa sauti ya kawaida, kitu ambacho kwenye barabara kuu hakiwezekani. Kule watu wanapigiana kelele au wananyamaza. Nilifurahi kama mtu aliyeivumbua dunia. Leo ninajua kwamba njia haivumbuliwi na anayeiona kwenye simu, lakini sitaki kumcheka sana msichana yule niliyekuwa. Alikuwa sahihi kwamba njia ipo, na watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wamesema haipo.

Siku ya pili tulifika kijiji cha Kalonda, na mbele kidogo ya Kalonda njia ikakatika. Haikufifia, ilikatika kama ukingo wa meza. Huku changarawe safi iliyolimwa vizuri, magugu yamesukumwa pembeni; kule majani marefu kuliko mtu, yamesimama kama ukuta. Hakukuwa na mto, wala kilima, wala shimo. Na ng'ambo ya majani yale tulimsikia jogoo akiwika. Kilikuwa kijiji cha pili, Mukebo, na kutoka Mukebo njia ilikuwa nzuri tena mpaka kwenye maharage ya Béa.

Mkubwa wa Kalonda, Papa Chisenga, alitukaribisha nyumbani kwake, chumba chenye viti vya kamba, picha ya Bikira Maria na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Tuliletewa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi chenye uchachu mtamu, halafu bukari na majani ya maboga. Nikauliza kuhusu majani. Akafuta mdomo. Akaeleza jambo ambalo kila mtu wa kule analijua tangu utotoni: mvua ikiisha, kila kijiji kinalima kipande chake cha njia, na pale jembe linapoishia ndipo mpaka. Ukilima mbele zaidi, umedai udongo. "Zamani ilikuwa si kitu," alisema. "Sasa bantu ba mugodi banatembea na karatasi, banauliza mpaka iko wapi. Kama Mukebo analima ile majani, atasema ni yake. Kama miye ninalima, atakuya na panga. Donc, basi, hakuna mwenye kulima." Nikauliza ugomvi ulianza lini. Alisema ulianza kabla ya nywele zake kuwa nyeupe. Nikauliza nani aliukosea mwingine kwanza. Akasema, "Bale," akionyesha wale wa ng'ambo ya majani. Kutoka jikoni, wanawake waliokuwa wakisikiliza wakadakia kwa furaha: "Mukebo! Kuku yabo inakuya kutaga kwetu, sababu kwabo inaona haya!"

Tulizifunga kinga kwa Papa Chisenga, tukapenya majani kwa miguu, mbegu zikatuingia nyweleni na mgongoni. Mkubwa wa Mukebo alikuwa mwanamke, Mama Ngosa, mrefu, mwenye kitenge cha kanisa na meno mazuri ambayo hakuyaonyesha bure. Kwake tulikula maharage yenyewe, na mafuta ya mawese, chini ya paa la jiko. Alitueleza habari ileile kuanzia upande wa pili. Na pale pia jikoni kulikuwa na kwaya: "Kalonda? Kule mugeni anapewa bukari, mboga anaambiwa afikirie!" Béa alicheka hadi akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira ya kielimu, ile ya mtu anayeona vijiji viwili vyenye akili vikishindwa na majani. Nilimwuliza Mama Ngosa: juu ya nini musilime pamoja siku moja? Juu ya nini musiweke jiwe katikati? Juu ya nini musiite mukubwa wa serikali wa secteur? Kila mara alijibu kwa upole uleule: "Mwanangu, haiwezekanake."

Tulirudi kupitia majani. Katikati Béa alisimama, hata kichwa chake hakionekani, nikasikia sauti: "Basi. Kinga imeuzwa." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Nilikaa chini palepale. Nikaanza kulirudia lile neno la Papa Chisenga, kama nilivyozoea kufanya darasani na neno la profesa: kulivuta pande zote nione linachanikia wapi. Jembe linadai. Sawa. Panga linadai, kwa sababu linakata. Na mguu? Sisi tulikuwa tumepita mara mbili siku ile, hakuna aliyesema tumedai kitu.

Nilimkuta Papa Chisenga akikaza kamba za kiti. Sikungoja nikaribishwe. "Papa, mwenye kulima anadai. Na mwenye kupita?"

"Mwenye kupita ni mupitaji."

"Akipita na kinga?"

"Ni mupitaji na kinga."

"Na kama bapitaji biko wengi, siku moja, banaenda na kurudia, na majani inalala?"

Akaacha kamba. Alinitazama, akatazama upande wa Mukebo, na kitu kikapita usoni pake ambacho nilikidhania ni hasira. Halafu akacheka, mabega yote mawili. "Majani ikilala, inalala. Miye si mama yake." Kisha akainua kidole. "Lakini sikia muzuri. Hakuna jembe. Hakuna panga. Hata muti moja haukatwe, hata jiwe moja halitoke. Njia ya gurudumu moja, basi. Mukipanua, tutapigana." Tulimpelekea Mama Ngosa swali lile. Naye alicheka, naye aliinua kidole, naye akasema hakuna jembe, hakuna panga, njia ya gurudumu moja. Masharti yalikuwa yaleyale kwa mpangilio uleule. Nilidhani ni desturi ya kule.

Wapitaji niliwatafuta Hewa Bora, kwa fundi wa kinga karibu na kwa Papa Léon, ambako wanaume wa makala hukaa asubuhi wakingoja spoku zao na kusemana. Kiongozi wao aliitwa Yaya Floribert, yaani kaka mkubwa, mwembamba kama pampu, mwenye ndala alizozitumia kama breki. Nilieleza. Wakasikiliza kama watu wanaosikiliza tangazo la dawa ya meno.

"Mama Juu-ya-nini," alisema Floribert, "utatupatia nini?"

"Njia."

"Njia si chakula."

"Na kule ku barabara, chakula njo nani?"

Mmoja akapiga mluzi. Floribert aliangalia ndala zake. Kisha akamgeukia Béa, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu ameishika kinga. "Na weye, Béa? Unapanda, ao unasukuma tu sawa landau, ile gari ya mutoto?" Ilikuwa dhihaka, lakini ilikuwa pia swali, na kila mtu pale aliifahamu historia. Béa alimjibu kwamba atapanda siku atakayoona mwanaume mmoja wa makala amefika mwisho wa majani bila kulia. Wakaangua kicheko. Hivyo ndivyo walivyokubali.

Walikuja na magunia yao yakiwa yamejaa, kwa makusudi, kwa sababu majani hayalali kwa gurudumu jepesi. Watu wa Kalonda walijipanga upande huu, wa Mukebo upande ule, kila upande na matusi yake, na katikati majani. Floribert aliingia kwanza. Tuliliona gunia lake likielea juu ya majani kama kichwa cha mnyama, likayumba, likaenda upande, likasimama, likaendelea. Halafu kelele ng'ambo, Mukebo wakishangilia mtu waliyetakiwa kumzomea. Wa pili akafuata alama yake, wa tatu akaanguka na kutukanwa na vijiji vyote viwili kwa usawa. Walienda na kurudi mchana kutwa. Wanawake walileta munkoyo. Kufikia alasiri kulikuwa na mfereji katikati ya majani, mwembamba, uliopinda pale Floribert alipoyumba mara ya kwanza, na sakafuni changarawe ilikuwa imeanza kujitokeza, ileile nyekundu, kana kwamba ilikuwa ikingoja.

Béa alikuwa hajapanda. Alizunguka akitoa maji, akikemea watu, akishika kinga za wengine. Magunia yalipopumzika akaichukua kinga yake, akaipakia gunia la mchanga alilolijaza mwenyewe pale pembeni, akalifunga kwa mpira kwa mkono ule uliokuwa umeumia, akajaribu fundo, akalirudia. Mguu wake wa kulia ulikaa kwenye pedali muda ambao kwangu haukuisha. Nikamwona akigeuza shingo kutazama nyuma, ile tabia ya barabarani. Nyuma hapakuwa na kitu: kulikuwa na njia, na mbwa mmoja amelala katikati yake. Akapanda. Akaingia kwenye majani hatujui kama analia au anatukana, na tulipoisikia Mukebo ikipiga vigelegele, Floribert alivua kofia yake akaipiga chini. "Amefika. Na hakulia, shetani huyu."

Papa Léon alihitaji kuona kwa macho yake. Kabla ya moto wa pori alikuja nasi, amepakiwa nyuma ya kinga ya Floribert, akiomba watakatifu kwa majina kila penye gogo. Alipofika majanini alishuka, akaupita mfereji kwa miguu, akarudi, akausifu upana wake kama seremala. Jioni ya kurudi nilikuwa chumbani kwa Béa tukila, nikamsikia kupitia juu ya ukuta akimweleza mke wake na majirani wawili jinsi alivyowashauri wasichana watafute chini ya nguzo za umeme. "Niliwaambia: camion haiwezi kupita pale. Mutu anafikiri tu." Béa aliniwekea samaki mkubwa upande wangu wa sahani. Habari ya kuuza kinga haikusikika tena, na tangu hapo maharage yake yote yamepita njia ile.

Nilijivunia sana ushindi ule, na bado ninajivunia. Moto ulipopita, mfereji ulibaki, mwaka uliofuata majani yaliota pembeni na kuacha katikati, wapitaji waliongezeka. Nimeulizwa mara nyingi na watu wa mjini imekuwaje njia nzuri hivyo, ndefu hivyo, isiwe na lori hata moja, wakati njia nyingine zote za upande ule zimepanuliwa na kuliwa na malori. Niliwajibu kwa ujuzi: magogo ya vijito, udongo, umbali. Mwaka jana, sokoni Kampemba, nilikutana na Odette, binti wa Mama Ngosa, akiuza mihogo mikavu, nikamweleza hata yeye hivyo. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba siku za utoto wake walikuja watu wenye mashine ya kupanua njia kwa ajili ya malori, wakitaka saini ya mwenye udongo, na mama yake na Papa Chisenga wakagundua kwamba udongo wenye wenyewe wawili wanaogombana hakuna anayeweza kuununua. Ugomvi waliutunga wao, usiku mmoja, wakila pamoja kuku mmoja. Na kila mwaka majani yanapoanza kurefuka, wanakula tena pamoja, ili wapange matusi ya mwaka huo.